Beta bloka kwa mgonjwa wa moyo uliochoka: mwongozo kamili wa kuanza, kupanda dozi na kutoishia njiani

Maswali yanayokuja kuhusu beta bloka, yaani dawa zinazoukinga moyo usikimbizwe na adrenalini, ni yaleyale kila wiki. Mama kaanzishiwa carvedilol, siku ya 5 anasema anachoka kuliko alivyokuwa kabla, familia inakaa kikao, dawa inatupwa kabatini, baada ya mwezi mama yuko wodini miguu imevimba hadi magotini. Au mzee kapewa bisoprolol akapata nafuu, akaona kapona, akaacha. Wengi wanaanguka sehemu hizohizo, kwa hiyo naandika yote hapa hatua kwa hatua.

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye daktari ameshampima, amekuta moyo haupampu vizuri, na amemwandikia beta bloka. Kama hujapimwa, usichukue majina ya dawa humu ukaenda nayo duka la dawa. Hizi dawa zikianzwa vibaya zinaweza kumlaza mtu, sisemi kukutisha.

Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kulinganisha herufi kwa herufi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujameza kidonge cha kwanza

- Majibu ya eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti). Tafuta palipoandikwa EF, ni asilimia ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila unapodunda. Hizi dawa zimethibitika hasa kwa wenye EF ya 40 kushuka chini.
- Mizani ya kusimama. Ya kawaida inatosha, ila iwe moja hiyohiyo kila siku na iwekwe sakafuni, sio kwenye zulia.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono zinadanganya sana.
- Saa yenye sekunde, au simu, ya kuhesabia mapigo.
- Daftari na kalamu. Mistari minne kila asubuhi: uzito, presha, mapigo, na umejisikiaje.
- Kikata vidonge, vinauzwa famasi. Dozi za mwanzo ni ndogo mno, mara nyingi utalazimika kukata nusu.
- Dawa ya kukojoza (wengi wanatumia Lasix) na maelekezo ya daktari, yaliyoandikwa, ya nini cha kufanya uzito ukipanda.
- Namba ya simu ya kliniki inayopokelewa kweli.

Ukikosa mashine ya presha bado unaweza kwenda, utapimwa zahanati mara moja kwa wiki. Ukikosa mizani ni ngumu. Mizani ndo inayokwambia maji yanarudi kabla hata miguu haijavimba.

## Hatua ya 1: Hakikisha dawa yenyewe ni mojawapo ya zile tatu

Hapa watu wanapigwa chenga sana. Beta bloka ziko nyingi, lakini kwa moyo uliochoka zilizoonyesha wazi kwamba zinapunguza vifo ni tatu: bisoprolol, carvedilol, na metoprolol succinate ile inayoachia dawa polepole. Tafiti kubwa za mwaka 1999 za bisoprolol na metoprolol succinate zilikuta vifo vimepungua kwa asilimia 34 hivi ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, na ya carvedilol ya mwaka 2001, kwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya zaidi, ikakuta kama asilimia 35. Ulaya wanatumia pia nebivolol kwa wazee, ila ushahidi wake sio mzito kama wa hizo tatu.

Sasa shida ya kwetu ni atenolol. Utafiti wa THESUS-HF uliofanyika kwenye nchi 9 za Afrika ulikuta wagonjwa wa moyo uliochoka wana wastani wa miaka 52 tu na presha ndo sababu kubwa, kwa hiyo unaweza kukuta mtu tayari ana vidonge vya presha nyumbani kabla moyo haujachoka. Atenolol ni mojawapo ya vidonge hivyo, rahisi na ipo kila duka. Basi mtu anaona nayo ni beta bloka, anasema ninayo tayari. Hapana. Haina ushahidi huo kwa moyo uliochoka, na usizimeze mbili kwa pamoja maana mapigo yatashuka vibaya. Propranolol vilevile sio yenyewe.

Mtego mwingine ni metoprolol. Zipo mbili, tartrate na succinate, majina yanafanana na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Unayotaka ni succinate. Na usishtuke ukikuta boksi limeandikwa 23.75 au 47.5 au 95, hizo zinahesabika sawa na 25, 50 na 100.

Umefanikiwa kama: jina kwenye boksi ni moja kati ya hayo matatu, na hakuna beta bloka nyingine kwenye mfuko wako wa dawa. Angalia hata dawa za macho: timolol ya presha ya macho nayo ni beta bloka na inaingia kwenye damu, mwambie daktari.

## Hatua ya 2: Mwambie daktari haya kabla ya kuanza

Usisubiri uulizwe, kliniki zina foleni.

Pumu. Carvedilol haifai kabisa kwa mwenye pumu, hizo nyingine daktari anaamua kwa tahadhari kubwa. Kifua cha wavutaji sigara wa muda mrefu sio kitu kilekile na pumu na hakizuii moja kwa moja, lakini aseme daktari sio jirani.

Kuzimia, au kuambiwa umeme wa moyo una hitilafu. Mapigo yakiwa tayari chini ya 50 ukiwa umepumzika, au namba ya juu ya presha iko chini ya 90, kuanza inabidi kufikiriwe upya.

Kisukari, hasa kama unachoma insulini. Sukari ikishuka mwili kawaida unatetemeka na moyo unaenda mbio, hizi dawa zinaficha dalili hizo mbili. Jasho linabaki. Kwa hiyo jasho la ghafla bila sababu ni la kupima sukari palepale.

Ujauzito, kunyonyesha, au moyo ulioanza kuchoka karibu na kujifungua. Hiyo ipo sana Afrika na akina mama wanaonyamaza ni wengi. Mpango wa dawa zote unabadilika hapo, sio beta bloka peke yake.

## Hatua ya 3: Maji yatoke kwanza

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote.

Beta bloka haianzwi mtu akiwa amejaa maji. Ukiwa unalala umekaa kwenye mito mitatu, miguu ukibonyeza inabaki shimo, tumbo limejaa, basi moyo wakati huo unaning'inia kwenye adrenalini ili usukume damu. Ukiikata ghafla hiyo adrenalini, moyo unapunguza nguvu na maji yanazidi mapafuni. Kwanza Lasix ifanye kazi yake, uzito ushuke, pumzi irudi, halafu ndo unaanza.

Tofautisha na mtu ambaye tayari anatumia beta bloka muda mrefu halafu akajaa maji akalazwa. Huyo kwa kawaida haachishwi, anaongezewa ya kukojoza na pengine dozi inapunguzwa, isipokuwa hali iwe mbaya sana presha imeanguka. Kwa hiyo ukilazwa sema mapema kwamba unatumia, na dozi yako ni ngapi.

Umefanikiwa kama: unalala na mto mmoja au miwili kama zamani, miguu haibonyei, na uzito umekaa palepale siku kadhaa mfululizo. Huo uzito uandike mkubwa kwenye jalada la daftari, ndo uzito wako mkavu, utautumia kila siku.

## Hatua ya 4: Dozi ya kwanza

Dozi za kuanzia kwa kawaida ni hizi:

- bisoprolol 1.25 mg mara moja kwa siku
- carvedilol 3.125 mg mara mbili kwa siku
- metoprolol succinate 12.5 au 25 mg mara moja kwa siku

Ndio, ni ndogo hivyo. Watu wanalalamika kwamba daktari kawapa robo ya kidonge kama mtoto. Ni makusudi. Ukiona umeandikiwa bisoprolol 10 mg siku ya kwanza na hujawahi kuitumia, rudi ukaulize kabla hujameza.

Bisoprolol ya 1.25 mara nyingi haipatikani, unakata ya 2.5 katikati. Carvedilol unakata ya 6.25. Metoprolol succinate inakatwa pale penye mstari tu, lakini usiisage wala kuitafuna, ukiisaga dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo.

Carvedilol meza na chakula. Sio kwa ajili ya tumbo, ni kwamba chakula kinaichelewesha kuingia kwenye damu na presha haishuki ghafla ukisimama. Uji na kipande cha kiazi ni chakula, chai ya rangi tupu sio chakula.

Siku ya kwanza usiende shamba wala kuendesha gari mbali. Ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, vuta pumzi, ndo usimame.

## Hatua ya 5: Wiki za mwanzo, hapa ndipo mnapoacha

Nisikudanganye, unaweza kujisikia vibaya kidogo. Uchovu, mwili mzito, kizunguzungu ukisimama, mikono na miguu ya baridi. Wengine ndoto za ajabu usiku. Halafu huyo mtu anasema hii dawa inaniua, anaacha, na kwa siku chache anajisikia ahueni kweli, basi anaamini alikuwa sahihi.

Elewa kinachoendelea. Moyo uliochoka ni kama bodaboda iliyobeba magunia mawili inapanda mlima huku dereva amekamua mafuta hadi mwisho: inasogea ndio, lakini injini inaungua. Adrenalini ndo huyo dereva. Beta bloka inamshika mkono apunguze, kwa hiyo siku za kwanza unaona mwendo umepungua, na ni kweli umepungua, lakini injini imeanza kupoa. Faida yenyewe, misuli ya moyo kujijenga na EF kupanda, inahesabiwa kwa miezi. Kwenye wiki mbili huioni popote.

Kila asubuhi fanya hivi: amka, kojoa, pima uzito kabla ya kunywa kitu na ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Kaa dakika 5 bila kuongea, pima presha. Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha, moyo usiokwenda sawa utakupa namba ya uongo, na mashine nayo hudanganyika na mapigo ya aina hiyo.

Halafu soma daftari lako hivi:

Uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku 3. Ni maji. Fuata maelekezo ya kuongeza ya kukojoza uliyoandikiwa, au piga simu siku hiyohiyo. Kinachoongezwa kwanza ni dawa ya kukojoza, beta bloka inapunguzwa kama hiyo haikusaidia. Watu wanafanya kinyume, wanaacha beta bloka na Lasix wanaiacha ilivyo.

Presha imeshuka lakini huna kizunguzungu. Usifanye kitu, andika tu. 100 kwa 60 kwa mgonjwa wa moyo anayetembea na kula vizuri sio ugonjwa. Hii imewaachisha watu wengi dawa, na unakuta aliyewaachisha ni mtu mwenye mashine ya presha sokoni.

Presha imeshuka na kizunguzungu kipo. Piga simu. Daktari ataangalia kwanza zile nyingine: je una dawa ya presha ya zamani kama nifedipine au amlodipine ambayo huihitaji tena, je ya kukojoza imezidi na umekauka. Wakati mwingine ni kutenganisha tu masaa, hii asubuhi ile usiku.

Mapigo chini ya 50. Kama na kizunguzungu au kuishiwa nguvu, usimeze dozi inayofuata kabla hujaongea na daktari. Pengine dozi itakatwa nusu, pengine utapigwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Kama unatumia na digoxin mkumbushe, hizo mbili zote zinapunguza mwendo.

Uchovu tu, namba zote ziko sawa. Vumilia. Mara nyingi unapungua wenyewe kadiri wiki zinavyokwenda.

Na akina baba, tuseme wazi maana hamsemi kliniki: nguvu za kiume zinaweza kupungua. Wakati mwingine ni dawa, wakati mwingine ni moyo wenyewe au kisukari au hofu tu. Mwambie daktari, zipo njia. Ila usinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani, vikikutana na isosorbide (na wagonjwa wengi wa moyo wanayo) presha inaanguka hadi mtu anafariki.

Umefanikiwa kama: wiki mbili zimeisha, uzito uko karibu na ule mkavu, mapigo yako juu ya 50, na hujazimia. Kujisikia mzima sana hatukitegemei bado.

## Hatua ya 6: Kupanda ngazi

Kosa la upande wa pili ni kubaki kwenye dozi ya kuanzia miaka mitatu. Mtu anachukua dawa ileile kila mwezi, hakuna anayemuuliza, na yeye anaona yuko kwenye matibabu. Dozi ya kuanzia ni mlango tu. Tafiti zile zilizopunguza vifo ziliwapandisha watu.

Utaratibu wa kawaida ni kuongeza maradufu, sio chini ya wiki 2 kati ya ngazi na ngazi, na mgonjwa awe mkavu kila anapopanda. Kwa mzee au mtu dhaifu ngazi moja inaweza kuchukua mwezi, hakuna mbio hapa.

Bisoprolol, yenyewe ngazi zake ni ndogo kuliko maradufu: 1.25, 2.5, 3.75, 5, 7.5, hadi 10 mg kwa siku.

Carvedilol: 3.125, 6.25, 12.5, hadi 25 mg mara mbili kwa siku. Mwenye zaidi ya kilo 85 anaweza kufikishwa 50 mara mbili.

Metoprolol succinate: maradufu hadi 200 mg kwa siku.

Anayepandisha ni daktari au nesi wa kliniki, kazi yako ni kwenda na daftari na kuuliza swali moja: "Dokta, naweza kupanda?" Akikataa muulize sababu. Mapigo 55 ni sababu. "Unaendelea vizuri" sio sababu, anayeendelea vizuri ndiye wa kupandishwa.

Kila ukipanda zile dalili za mwanzo zinaweza kurudi siku chache, rudia hatua ya 5. Ikishindikana unashuka ngazi moja, unakaa hapo, unajaribu tena baadaye. Sio kila mtu atafika juu kabisa na sio kushindwa, dozi ndogo inayomezwa kila siku ni bora kuliko sifuri.

Umefanikiwa kama: umefika dozi ya juu kabisa, au ya juu unayoivumilia na sababu ya kutopanda zaidi imeandikwa kwenye faili. Kwa mwenye mapigo yanayokwenda sawa, akipumzika tunapenda kuona mapigo chini ya 70 hivi.

## Hatua ya 7: Vinavyogombana nayo

Verapamil na diltiazem (nazo ni dawa za presha na mapigo), hapana, kwa moyo dhaifu na beta bloka pamoja ni hatari. Diclofenac na ibuprofen za maumivu ya mgongo zinashika maji mwilini na kuumiza figo, na kila duka wanakupa ukisema tu kiuno kinauma, omba paracetamol. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zinapandisha presha na mapigo. Mirungi hivyohivyo, inasukuma upande ule unaojaribu kuutuliza, kwa hiyo huwezi kutafuna jioni na kumeza asubuhi ukategemea matokeo.

Ramadhani: anayetaka kufunga aongee na daktari wiki kadhaa kabla, na asiyekaa sawa bado ana ruhusa ya dini ya kutofunga. Aliyeruhusiwa, bisoprolol inaweza kuhamia futari, carvedilol futari na daku, zote na chakula. Ya kukojoza ndo yenye mjadala zaidi, hiyo usijipangie.

Safari ya mkoani kwa msiba au likizo, beba ya wiki moja ya ziada. Metoprolol succinate haipo kila wilaya.

## Hatua ya 8: Usiikate ghafla

Mwili ukizoea kufunikwa na hii dawa, ukiitoa siku moja adrenalini inaukuta moyo uko wazi: mapigo yanapaa, presha inapanda, mwenye mishipa iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Ikibidi kuachwa inapunguzwa polepole chini ya daktari.

Umesahau dozi? Ukikumbuka siku hiyohiyo meza, ukikaribia muda wa inayofuata iache, usimeze mbili kufidia. Umekosa siku kadhaa kwa sababu hela iliisha? Piga simu kabla ya kuanza tena, usirudie palepale ulipokuwa. Carvedilol iliyokatika zaidi ya wiki 2 huanzwa upya kutoka 3.125. Na hela ikiwa tatizo liseme kliniki mapema, kuhamishiwa ya bei nafuu kati ya zile tatu kunawezekana, kuacha kimya kimya ndo kunakoua.

## Lini usisubiri simu

Kuzimia. Kushindwa kupumua ukilala, au kukohoa povu. Maumivu ya kifua yasiyokata. Mapigo chini ya 40. Midomo kuvimba au kifua kupiga filimbi baada ya kumeza. Hapo ni hospitali yenye dharura usiku huohuo, na boksi la dawa ulibebe.

## Hatua ya 9: Eko ya pili, na mtego wa mwisho

Baada ya miezi 3 hadi 6 ukiwa kwenye dozi nzuri, na dawa nyingine za moyo uliochoka ulizoandikiwa (enalapril au losartan, spironolactone, na kwa wanaozimudu dapagliflozin au empagliflozin), rudia eko. Dar wengi wanapimwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kampala kuna Uganda Heart Institute kule Mulago, na hospitali nyingi za rufaa sa hivi zina mashine. Beba ile eko ya kwanza ili EF zilinganishwe.

Wengine wanatoka 25 wanafika 50. Furaha inakuwa kubwa, na hapo ndipo swali linakuja: si nimepona, naacha? Kuna utafiti mdogo ulifanyika London, unaitwa TRED-HF, waliwachukua watu ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka kisha ikarudi kawaida kabisa, wakawapunguzia dawa taratibu chini ya uangalizi mkali. Ndani ya miezi 6, asilimia 44 ya walioachishwa ugonjwa ulirudi, na hao ni watu waliokuwa hawana dalili hata moja siku walipoanza kuachishwa. Kwa hiyo EF ya 50 ukiwa kwenye dawa ni EF ya dawa. Unaendelea na dozi ileile, na unaomba tarehe ya eko nyingine kabla hujatoka kliniki.